Reli ya Milimita 12

Leo naomba tuweke kando siasa, bei ya pamba na vikao vya madiwani. Nataka tuzungumzie treni. Tena treni yenyewe inaenea juu ya meza.

Jumamosi iliyopita mzee mmoja jirani alipita nyumbani kwetu hapa Nyashimo, akanikuta nimeinama kibarazani. Mkononi nimeshika pasi ya kulehemu. Mbele yangu kuna spoku za baiskeli, kopo tupu la maziwa ya unga, na mota niliyoing'oa kwenye deki mbovu. Mzee akasimama, akanitazama kwa muda.

"Si ndiye wewe tunayekusoma gazetini?"

Nikasema ndiye mimi, shikamoo mzee.

"Marahaba. Na chuo kikuu umemaliza?"

Nikasema nimemaliza.

"Basi hayo makopo waachie watoto. Wewe tafuta mke."

Akaenda zake! Sikumjibu, maana mkubwa hajibiwi hovyo, na pia jibu lenyewe ni refu. Jibu ndilo hili.

Kwa wasiopajua, Nyashimo ni makao makuu ya wilaya ya Busega, wilaya iliyomegwa kutoka Magu mwaka 2012, mwaka ule ule mkoa wetu wa Simiyu ulipozaliwa. Tuko kwenye lami ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari. Ziwa liko jirani. Basi yanapita mchana kutwa, malori yanapita, bodaboda usiseme. Treni haipiti. Haijawahi kupita.

Nimewachunguza watoto wa hapa kwa jicho la mwandishi. Wale wanaochunga hufinyanga ng'ombe wa udongo, dume ana nundu na jike ana chuchu. Wale wa barabarani hutengeneza basi kwa waya na maboksi, tairi wanakata kwenye ndala zilizochakaa, mbele wanaandika jina la kampuni wanayoipenda. Wa ziwani wana mitumbwi. Lakini sijawahi kumwona mtoto wa Nyashimo akitengeneza treni. Mtoto hujenga anachokiona.

Mimi treni niliiona nikiwa darasa la tatu, na niliiona ndani ya mkoa huu huu. Wengi husahau kwamba Simiyu tuna reli: inapita Malampaka, wilaya ya Maswa, kwenye njia ya Tabora kwenda Mwanza. Babu yangu alifanya kazi miaka mingi kwenye kikosi cha kutengeneza njia ya reli upande huo. Siku moja alinichukua kwenda kumsalimia rafiki yake, tukasimama stesheni, na treni ikaingia. Nilijificha nyuma ya koti la babu. Ile sauti naisikia mpaka leo.

Sasa tuingie kwenye historia kidogo, msichoke.

Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya biashara ya mji wa Leipzig, Ujerumani, kampuni ya Märklin ilionyesha treni za watoto zenye kitu kipya. Reli zake zilikuwa na vipimo maalumu vya upana, hivyo mtoto aliyenunua kipande leo angeweza kununua kingine mwakani na vikaungana. Hapo ndipo kichezeo kilipoanza kugeuka kuwa mfumo. Miaka miwili baadaye, 1893, Wajerumani hao hao walianza kutandika reli ya kweli kwetu, kuanzia Tanga. Ilikwenda kwa kusuasua. Kampuni iliyoanza kazi iliishiwa fedha, serikali ya kikoloni ikaichukua njia hiyo mwaka 1899, na mpaka ilipofika Moshi ulikuwa mwaka 1911. Miaka 18!

Nikisoma tarehe hizo napata picha isiyonitoka kichwani. Sebuleni kwa tajiri wa Leipzig kuna mtoto anazungusha treni ya bati kwa ufunguo. Wakati huo huo, kule Usambara, kuna babu wa mtu amebeba chuma begani. Reli mbili za nchi moja, wachezaji tofauti.

Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905. Morogoro ilifika 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, vita vikiwa mlangoni. Huku kwetu ziwani hatukupata kitu kwa Mjerumani. Pamba ya Usukuma ilipakiwa kwenye meli, ikavuka ziwa mpaka Kisumu, ikapanda reli ya Mwingereza kwenda Mombasa. Njia ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928 chini ya Waingereza, na tangu hapo marobota ya pamba yakaweza kushuka moja kwa moja hadi Dar es Salaam.

Sasa turudi mezani kwangu.

Watu wengi wanaotengeneza treni ndogo duniani hutumia kipimo cha moja kwa 87. Maana yake kila kitu cha kweli unakigawanya kwa 87. Mlango wa mita 2 unakuwa milimita 23. Mimi mwenyewe ningekuwa na urefu wa sentimita 2, mdogo kuliko kibiriti kilichosimama. Reli za kipimo hiki zilishika soko kuanzia mwaka 1935, kampuni mbili za Kijerumani, Trix na Märklin, zilipoleta treni za umeme za kuenea mezani. Kabla ya hapo mara nyingi ulihitaji sebule nzima.

Kazi ya kwanza ilikuwa hesabu, na hesabu ilinivunja moyo mapema. Nilitaka kujua njia ya Tabora hadi Mwanza ingekuwa na urefu gani kwa kipimo hicho. Kilomita 379 hivi ukigawa kwa 87 ni zaidi ya kilomita 4. Reli zangu natengeneza kwa spoku za baiskeli, na spoku moja ikishakatwa inanipa sentimita 28. Ningehitaji spoku zaidi ya 31,000. Baiskeli moja ina spoku 72. Kwa hiyo ningevunja baiskeli zaidi ya 430, na sidhani kama Wasukuma wangeniacha hai.

Nikakubali kujenga stesheni moja tu na njia mbili, juu ya ubao wa sentimita 120 kwa 60.

Hesabu ya pili ndiyo iliyonishangaza, na ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Mnajua kwamba Tanzania ina reli za upana wa aina tatu. Reli za Wajerumani na Waingereza zina upana wa milimita 1,000, yaani mita moja kamili. TAZARA, iliyojengwa na Wachina kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ina milimita 1,067, kwa sababu ilipaswa kuungana na reli za Zambia na kusini mwa Afrika. Halafu kuna SGR, milimita 1,435, ambayo ujenzi wake ulianza 2017 na abiria wakaanza kuipanda Dar hadi Morogoro mwezi Juni 2024.

Tofauti ya ile ya Kati na TAZARA ni milimita 67. Fungua kiganja chako, hiyo tofauti inaingia humo na nafasi inabaki. Lakini kwa sababu ya milimita hizo 67, behewa la Kigoma halikuweza kwenda Mbeya. Njia hizo mbili zinakutana Kidatu mkoani Morogoro, na ilibidi pajengwe mahali pa kushusha mzigo kwenye behewa moja na kuupandisha kwenye jingine. Nchi moja, bendera moja, mzigo unashuka.

Basi gawanya kwa 87. Mita moja inakuwa milimita 11.5. TAZARA inakuwa milimita 12.3. Tofauti haifiki hata milimita moja! Watengenezaji wa treni ndogo duniani wameamua kutopoteza usingizi, zote mbili wanazitandikia reli ya milimita 12. Kwa hiyo mezani kwangu, wadau, behewa la Kigoma linapita kwenda Mbeya bila kushusha hata gunia. Nilipogundua hilo usiku wa saa sita nilicheka peke yangu mpaka mama akaniuliza chumba cha pili kama niko salama.

Na SGR? Ukigawa 1,435 kwa 87 unapata milimita 16.5, upana ule ule wa reli ndogo zinazouzwa tayari madukani Ulaya na Marekani. Anayetaka kutengeneza SGR ya mezani ananunua boksi, anaunganisha, anamaliza. Anayetaka reli ya babu yake inabidi aitandike mwenyewe, taruma kwa taruma. Mimi nilitaka ya babu.

Sasa karaha zake. Msije mkadhani ni raha tupu.

Kwanza, spoku. Zina mng'aro unaokataa risasi ya kulehemu. Unachoma, risasi inateleza kama maji kwenye jani la mgomba. Inabidi upige msasa kila spoku mpaka vidole viwe vyeusi. Mataruma nimekata kwenye vibao vya ndani ya redio mbovu, vile vyenye utando wa shaba, ndipo risasi inakubali kushika.

Pili, shoti. Treni hizi hupata umeme kwenye reli zenyewe, reli ya kushoto chanya na ya kulia hasi. Mimi behewa langu la kwanza nililiwekea ekseli ya chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu. Nikawasha, cheche, moshi, kimya! Ekseli ilikuwa imeunganisha reli mbili. Wiki mbili nilihangaika, mpaka nikapata dawa: unakata ekseli katikati, unaunganisha vipande viwili kwa mrija wa kalamu ya wino, na visigusane. Na vile vibao vya shaba navyo lazima uvikwangue katikati, la sivyo hadithi inaanza upya.

Tatu, vumbi na umeme. Vumbi la kiangazi cha kwetu likikaa kwenye reli, treni inasimama kama mbuzi aliyekataa kamba. Unafuta, inatembea sentimita 20, inasimama. Ukishamaliza kufuta, umeme unakatika.

Nne, na hii ndiyo kubwa, vipimo. Huwezi kutengeneza kitu usichokuwa na kipimo chake. Nilitaka kichwa cha treni cha mvuke kama vile babu alivyovikuta alipoanza kazi miaka ya 1960, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lilipokuwa moja kwa nchi tatu, kabla ya kuvunjika 1977. Nikatafuta michoro nikachoka. Mwisho nikapanda basi, Nyashimo hadi Sirari, Sirari hadi Nairobi, kwa ajili ya kwenda kupima chuma!

Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalianzishwa 1971, na vichwa vya zamani vimepangwa nje uwanjani. Nikavikuta viwili vikubwa mno, vya aina ya Garratt, vilivyoundwa Manchester miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima. Kimoja kinaitwa Mount Gelai. Kingine Mount Shengena. Gelai iko kaskazini mwa Tanzania jirani na Ziwa Natron, na Shengena ni mlima wa Upare. Pembeni kuna kingine, namba 3020, kilichoundwa Glasgow, jina lake Nyaturu, maana vichwa vya kundi lake vilipewa majina ya makabila. Nikasimama pale na futi kamba mkononi. Milima yetu, Wanyaturu wetu wa Singida, wamepumzika Nairobi, na wanatunzwa vizuri. Sikuona wivu, niliona shukrani. Vingine vingi vya rika lake vilishakatwa vikawa chuma chakavu, na kilichokatwa hakipimwi tena.

Nikampima Nyaturu. Magurudumu mawili madogo mbele, manane makubwa katikati, manne nyuma. Yale makubwa yana kipenyo cha sentimita 120 na kidogo, kwa hiyo kwangu ni milimita 14. Fundi mmoja wa kuchonga vyuma jijini Mwanza alinichongea kwa shaba, akinicheka muda wote, lakini alichonga. Kiwiliwili nimekata kwenye kopo la maziwa. Ukiangalia kwa ndani utaona bado maandishi ya namna ya kukoroga.

Mwezi uliopita kichwa kilitembea kwa mara ya kwanza. Kilitembea, ila kilipofika mahali fulani kwenye njia ya pili, mahali paliponyooka kabisa, behewa la nyuma likaanguka. Nikarudisha, likaanguka. Nikabadilisha behewa, likaanguka. Nikaangalia kwa tochi sikuona kitu. Nikataka kuuvunja ubao wote.

Babu yangu siku hizi macho hayaoni vizuri, mtoto wa jicho. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, ananisikiliza ninavyosonya.

"Lete hapa," akasema.

Nikambebea ubao mzima, nikauweka magotini pake. Akauliza njia iko wapi. Nikaushika mkono wake nikauweka kwenye reli. Akalishika behewa kwa vidole viwili, akalisukuma taratibu, taratibu, huku kidole cha mkono mwingine kikitangulia mbele kwenye chuma. Alipofika pale pale akasimama.

"Njia yako imepanuka hapa, mjukuu wangu."

"Guku, mbona mimi nimeangalia sijaona?"

"Njia haiangaliwi, inapimwa. Sisi tulikuwa na chuma cha kupimia, unalaza juu ya reli mbili. Kwenye kona unaacha nafasi kidogo ili magurudumu yageuke. Lakini pamenyooka hapa, nafasi ya nini?"

Nikaleta kipimo. Badala ya milimita 12 palikuwa na karibu 13. Ukizidisha kwa 87, kwenye reli ya kweli ni kama sentimita 8. Treni ya abiria ingelala pale.

Halafu babu akaanza kusimulia. Kwa karibu saa mbili hakunyamaza. Namna walivyotembea njia alfajiri wakiwa na nyundo na spana, wakigonga boliti na kusikiliza mlio, iliyolegea ina sauti yake. Namna mvua za masika zinavyosomba kokoto na kuacha taruma linaning'inia, na namna ya kulijua kwa kukanyaga tu. Namna joto la mchana linavyorefusha chuma, ndiyo maana wakaacha mianya kati ya kipande na kipande, na ile mianya ndiyo iliyokuwa ikiimba taka-taka, taka-taka chini ya behewa. Miaka yote nimeupenda wimbo ule wa treni bila kujua kwamba ni babu na wenzake waliokuwa wakiupima.

Wadau, mimi ni mwandishi wa habari. Nimehoji wakuu wa wilaya, nimehoji wabunge, nimehoji wanunuzi wa pamba mpaka wakanikimbia. Babu yangu, ambaye tumekula naye sahani moja tangu nikiwa mtoto, sikuwahi kumhoji hata siku moja. Ilibidi behewa la kopo lianguke ndipo nimuulize swali.

Ujenzi wa SGR ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ulizinduliwa mwaka 2021, na njia hiyo nayo inapita Malampaka. Ni jambo jema na mimi nitaipanda. Reli ya namna hiyo vipande vyake huchomelewa vikawa kimoja, mianya haipo, taka-taka haipo. Mtoto wa Malampaka atatengeneza treni ya boksi yenye pua iliyochongoka, na atakuwa sahihi, maana ndicho atakachokiona. Lakini hatajua kwamba kabla yake palikuwa na njia iliyoimba, wala nani aliifanya iimbe, kama hakuna atakayemwambia.

Kwa hiyo mzee jirani, jibu langu ndilo hilo. Mke nitatafuta. Ila kwa sasa nimenunua daftari kubwa, na kila jioni baada ya kazi nakaa na babu, ubao uko magotini pake, ananionyesha kwa vidole na mimi naandika. Jana tumefika kwenye njia panda za reli, pale treni inapobadilishwa kutoka njia hii kwenda ile. Amesema nimeitengeneza vibaya, niing'oe yote.

Naing'oa.

Na wewe unayesoma hapa, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kufanya kazi ya reli, meli, kinu cha pamba, chochote kile, usisubiri kitu kianguke. Muulize leo.

Alamsiki.